Sinia la mfungo Addis Ababa: mkahawa wa geti la kijani, kwa msafiri mwenye sukari

Jumanne ya tarehe 17 Septemba 2024, saa nne na nusu asubuhi, nilijifungia chooni kwenye jumba la mikutano Addis Ababa nikajitoboa kidole. Mashine ya kupimia sukari ikasoma 13.6, na daktari wangu ananitaka nisivuke 10. Zilibaki dakika ishirini nirudi kwenye kibanda cha wakalimani kumpokea mwenzangu maikrofoni. Ulimi ulikuwa umekauka, na maandishi ya ajenda yalikuwa yakichezacheza mbele ya macho.

Mimi ni mkalimani. Tangu Februari 2022, Umoja wa Afrika ulipokipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, wakalimani wa Kiswahili tumeanza kupata safari ambazo zamani hazikuwapo, na kila safari naishukuru. Lakini nina kisukari, aina ya pili, huu ni mwaka wa sita, natumia metformin, vidonge vya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Kibandani tunapokezana kila nusu saa. Ukiwa na sukari ya 13 huwezi kumfuata waziri anayesoma hotuba kwa kasi. Neno unalijua tangu utotoni na halitoki. Kwa hiyo chakula kwangu ni sehemu ya kazi, kama zilivyo kamusi na orodha za istilahi.

Asubuhi ile nilikula hotelini. Meza ilikuwa imejaa: mikate myeupe, keki, asali, soseji ambazo sikuzigusa, na madumu ya juisi. Nikamwuliza kijana kama juisi ya embe ina sukari, akasema ni tunda tupu. Nikanywa bilauri mbili. Nilipokwenda kuuliza tena jioni, aliyetoka jikoni akaniambia wanatia shira. Yule kijana hakukusudia kunidanganya, nadhani hakujua tu. Mwenye sukari anayeuliza mara moja ajue kwamba hajauliza.

Siku ya pili yake, Jumatano, fundi mmoja wa mitambo ya sauti, Mhabeshi, aliniona nimekaa na chupa ya maji wakati wenzangu wamekwenda kwenye chakula cha mchana. Nikamweleza mambo mawili: sukari yangu, na kwamba mimi ni Muislamu, nyama nisiyojua imechinjwa na nani siili. Akacheka kwa furaha. "Leo Jumatano," akasema, "leo ni tsom. Twende."

Hapa nieleze kidogo, maana bila ya hili huwezi kuuelewa mkahawa ninaousifu. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa mwaka karibu wote, pamoja na mifungo mirefu: Kwaresima yao ya siku 55, mfungo unaoanza mwishoni mwa Novemba hadi Krismasi yao ya tarehe 7 Januari, na mingine. Ukijumlisha, muumini wa kawaida anafunga siku zaidi ya 180 kwa mwaka. Kufunga kwao ni kuacha kila kitokacho kwa mnyama: nyama, maziwa, siagi, mayai. Wanaoshika barabara hawali chochote mpaka alasiri. Mapishi yote ya mji yamejengwa juu ya mifungo hiyo. Mpishi wa Addis amejifunza kwa karne nyingi kufanya adesi, njegere na kabichi vitamanike bila kipande cha nyama. Na kwangu mimi suali la uchinjaji likafa papo hapo. Waislamu na Wakristo wa Ethiopia wana mabucha mbalimbali na kila mmoja anakula kwake, ila sinia la tsom, yaani la mfungo, halina mnyama ndani yake.

Mkahawa wenyewe uko kwa miguu kama dakika kumi kutoka lango la Umoja wa Afrika ukielekea mtaa unaoitwa Mexico, ndani ya uchochoro uliotandikwa mawe. Jina lake limeandikwa kwa hati ya Kiamhari peke yake, nami hati ile siisomi, ndiyo maana sikuandikii jina. Geti ni la chuma, la kijani. Ndani kuna ua mdogo, mti mmoja, meza saba na viti vya chini. Mwenyewe ni mama mtu mzima, shuka nyeupe begani, na wote wanamwita Emaye, yaani mama. Nami nikamwita hivyohivyo, na kwa mdomo wa Mswahili halikuwa neno gumu.

Jambo lililonituliza mapema ni saa. Wenzangu kutoka Afrika Magharibi hupotea kila siku kwa sababu Wahabeshi wanahesabu saa kuanzia alfajiri. Sisi hatupotei. Emaye aliponiambia kwa vidole kwamba chakula kinaanza saa sita, ilikuwa saa sita ileile ya Darajani kwetu Unguja, jua la utosi.

Unachoagiza kinaitwa bayaynetu, maana yake kila aina. Linakuja sinia la duara, pana kama la pilau ya harusi, limetandikwa injera moja nzima. Injera, kwa asiyeijua, ni kama mkate wa kumimina uliotiwa uchachu: unga wa tefu unachachushwa siku mbili tatu, unamiminwa kwenye bamba la moto, unafunikwa, unaiva upande mmoja tu na juu unatoa vitundu ambavyo wao wanaviita macho. Tefu ni nafaka ndogo mno, punje yake ni kama chembe ya mchanga. Juu ya injera wanapanga vilima vya rangi. Siku ile nilihesabu tisa: adesi nyekundu zilizokaangwa kwa berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, njegere za manjano zenye bizari, hazina ukali, shiro, uji mzito wa unga wa dengu, unafika ukichemka kwenye kichungu chake, gomen, majani yaliyokatwa ambayo mtu wa bara angeyaita sukuma na asikosee sana, kabichi na karoti, maharage machanga ya kijani, bitiruti, adesi za kijani baridi zenye haradali, na kachumbari ya nyanya na pilipili mbichi pembeni.

Nilikula kwa mkono wa kulia kama nyumbani. Nilikula nikasahau nafsi. Shiro ile ina ladha ya dengu za kukaanga ninazozijua tangu utoto, ila nzito na ya moshi. Nikamaliza mikunjo mitatu ya injera iliyowekwa pembeni, kisha nikaila ile ya chini iliyolowa mchuzi, maana fundi aliniambia hapo ndipo utamu ulipo, na ni kweli. Tukateremshia spris, juisi ya tabaka tatu, parachichi chini, embe, papai juu.

Saa mbili baadaye: 14.2.

Naandika namba hiyo kwa sababu nimesoma sifa nyingi za chakula cha Kihabeshi, kwamba ni mboga, ni afya, na msafiri mwenye sukari akisoma hivyo ataingia kichwakichwa kama nilivyoingia. Mboga zile hazikunidhuru. Kilichonipiga ni wanga uliojificha chini. Daktari wangu Unguja alinifundisha kugawa sahani: nusu mboga, robo protini, robo wanga. Kwenye bayaynetu wanga haukai robo, umekuwa ndio sahani yenyewe. Unaona vilima vya mboga na jicho linaridhika, kumbe umekula injera mbili nzima na zaidi. Na spris, hata bila shira, ni matunda matatu kwenye bilauri moja.

Ijumaa nilirudi na akili nyingine. Nikala vilima vyote, nikatumia mkunjo mmoja tu wa injera kuchotea, ile ya chini nikaiacha, nikanywa maji ya Ambo, yale ya mapovu yanayotoka mji wa Ambo magharibi ya Addis, hayana sukari kabisa. Saa mbili baadaye mashine ikasoma 8.4. Niliitazama namba ile kwa muda.

Lakini Emaye aliliona sinia. Injera ya chini imebaki nzima, imelowa, ile sehemu tamu kuliko zote. Akasimama mbele yangu na uso wa mama aliyekataliwa chakula. Fundi hakuwepo siku hiyo. Sikuwa na Kiamhari zaidi ya asante. Nikatoa mashine yangu ya kupimia kwenye mkoba, nikamwonesha kidole, nikasema "sukari." Akakunja uso, kisha akasema, "Sikwar? Sikwar beshita?" Neno ni lilelile, limepita Arabuni likaingia kwao na kwetu. Nikatikisa kichwa kukubali. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kusema kwa kirefu. Msichana wake anayejua Kiingereza kidogo akanifasiria: marehemu kaka yake alikuwa nayo, na mguu ulikatwa. Mimi kazi yangu ni kufasiri maneno ya watu wakubwa, na siku ile nilifasiriwa hayo na binti wa miaka kumi na sita aliyeshika kitambaa cha kufutia meza. Sijui kama nimewahi kumsikiliza mkalimani kwa makini namna ile.

Tangu hapo sinia langu ni lingine. Emaye ananitandikia kipande cha injera, robo yake, kwenye sahani ya kawaida, na mahali pa injera anaongeza gomen na adesi mara mbili. Sikumwomba. Injera anayonipa ni ya tefu tupu. Alinionesha unga wenyewe, mwekundu wa kutu. Na hili uliulize popote Addis, kwa sababu tefu ni ghali na mikahawa mingi huchanganya na unga wa mchele au wa nafaka nyingine. Mwili wangu unaijua tofauti. Siku moja nilikula kiasi kilekile pahala pengine, injera nyeupe na laini mno, ikanipeleka 11 na ushei. Sema "tefu bicha?", yaani tefu tu? Watakwambia ukweli, na wengine watafurahi umeuliza.

Nilirudi Addis Desemba 2024, siku tisa, katikati ya mfungo wa Krismasi. Hapo kila siku ni siku ya tsom, na huo ndio wakati bora wa kwenda. Nikala kwa Emaye siku nane, saa sita na robo, kabla ya kikao cha mchana. Namba zangu baada ya chakula zilicheza baina ya 7.6 na 9.1 muda wote, na daktari wangu ananitaka nisivuke 10. Nilifanya kazi mpaka kikao cha saa kumi na mbili jioni bila ya ule uzito wa macho. Mwenzangu wa kibandani, Mkenya wa Mombasa, hana sukari wala presha, akaanza kunifuata kwa sababu aliona sisinzii.

Kwa siku za kawaida, zisizo za mfungo, nina tahadhari. Jumatatu au Alhamisi bayaynetu ipo ila vilima vinapungua, tano badala ya tisa, na jikoni samli yao yenye viungo inarudi, wanaipitisha hata kwenye shiro. Samli si dhambi, ila ujue. Na ukienda ndani ya zile siku 50 baada ya Pasaka yao, hawafungi hata Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo utafute mkahawa mapema na uulize. Sema "ye tsom", ya mfungo, wataelewa unakwepa nini.

Kasoro za mkahawa nazisema bila kuficha, kwa sababu naupenda. Mafuta ni mengi. Chakula cha mfungo kinakosa siagi, basi mpishi analipa kwa mafuta ya maji, na adesi nyekundu huogelea humo. Nilimwomba Emaye apunguze, akapunguza kidogo, siku ya pili yake yakarudi. Chumvi nayo imekaa juu. Mwenye presha aanze na kabichi na bitiruti, aache shiro iwe ya kuonja. Kachumbari mbichi mimi siili, kwa sababu sijui imeoshwa kwa maji gani, na siwezi kuharisha kibandani. Choo kiko nyuma ya ua, kisafi, ila ngazi tatu za kushukia hazina pa kushika, na kwa mtu mwenye ganzi ya miguu, kama walivyo wengi wetu wenye sukari, mvua ikinyesha pale ni hatari. Nimemwambia. Nitarudia kumwambia. Na saa moja usiku wanafunga.

Kwa hiyo cha usiku unajitegemea. Mimi nilikuwa nakula kidogo chumbani: mtindi usiotiwa sukari, tango, na kolo, shayiri ya kukaanga wanayouza kwa vipimo njiani, imechanganywa na njugu. Kolo ni ngumu, unatafuna polepole, konzi moja inakutosha. Niliweka kipakiti mkobani na ndicho nilichokula badala ya sambusa na keki za mapumziko ya chai, ambazo kwenye mikutano yetu zinakuja mara mbili kwa siku kwenye trei za fedha na zimewaharibu wengi. Na kwenye ndege ya Ethiopian kutoka Dar niliagiza chakula cha wenye kisukari siku ileile nilipokata tiketi. Kwenye orodha yao ya vyakula maalumu kina kifupi chake, DBML. Kililetwa mapema kuliko cha wengine, kuku na mboga, mkate mdogo wa ngano nzima. Safari ni kama saa tatu tu, lakini ni mlo mmoja ambao sikuhitaji kubahatisha.

Kahawa nimeiacha makusudi mpaka hapa, maana kwayo ningeweza kuandika peke yake. Emaye anaikaanga mbele yako, anakupitishia kikaango uvute harufu, ubani unafuka pembeni, bisi kwenye bakuli. Anaichemsha kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, na inamiminwa duru tatu kutoka unga uleule: abol, tona, na ya tatu inaitwa bereka. Baraka hiyo, msomaji, hailazimu kutafsiriwa. Desturi yao ni kutia sukari nyingi, vijiko viwili vitatu kwenye kikombe kisichozidi cha baraza zetu. Sema "yale sikwar", bila sukari, useme kabla hajaanza kumimina, kwa sababu vikombe vingine vinakuja na sukari imeshatangulia chini. Nilipoinywa chungu vivyo hivyo, Emaye alishangaa. Nikamweleza, kwa msaada wa binti, kwamba kwetu Unguja wazee wanakunywa kahawa chungu kila jioni barazani, sukari inakaa nje ya kikombe, kwenye kashata. Akataka kujua kashata ni nini. Nilipomwambia ni nazi na sukari, akanitolea macho akanipiga kofi dogo la mkono.

Bei: mara ya mwisho nililipa birr 250 kwa bayaynetu, kahawa na Ambo zinalipiwa mbali. Ni chini sana ya sahani moja ya hotelini. Pesa taslimu, kadi hawana. Wanaosha mikono kwa birika na beseni kabla ya chakula na baada yake, maji ya uvuguvugu, sabuni ipo. Wanawake waliokuja peke yao wanakaa kwa amani, nami nilikaa na hijabu yangu katikati ya watu wenye misalaba shingoni wanaofunga dini yao, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Huduma siku ya Ijumaa inachelewa, kwa sababu ofisi zote za jirani zinamiminika. Fika saa sita kamili au usubiri hadi saa saba na nusu.

Nawapa nyota nne. Ya tano imezuiwa na mafuta na ile ngazi.

Kikao changu kijacho kimepangwa kuanzia Jumatatu, nami nimeomba tiketi ya Ijumaa iliyotangulia, ndege ya alfajiri, kwa gharama yangu kwa siku zilizozidi. Nikitua Bole, uwanja wa ndege wa Addis, asubuhi nitawahi saa sita. Kwenye begi nimeweka vipande vya kupimia sukari pakiti mbili, moja yangu. Ya pili ni ya Emaye, pamoja na mashine yake, kwa sababu Desemba, nilipomwomba kidole baada ya kazi, kabla hajala kitu tangu usiku wa jana yake, ilisoma 8.9, na kwa mtu aliyefunga mchana kutwa hiyo si namba ya kuachia. Aliahidi kwenda hospitali. Nataka kujua kama alikwenda.